Mtu Anaweza Kukaa Pale?

Mkalimani hana mdomo wake. Watu wengi wanaidharau kazi hii kwa sababu hawajui sheria yake. Mgonjwa akisema "mimi naumwa," mkalimani hasemi "huyu anasema anaumwa." Anasema "mimi naumwa," hivyo hivyo, hata kama yeye ni mzima kama ng'ombe. Hapa Kampala nimeshakuwa "mimi" wa watu chungu nzima. Nimemwambia daktari nina mimba ya miezi saba huku tumbo langu limelala bapa. Nimemwambia askari wa kituo kwamba mimi ni Zubairi, baba wa watoto, na pikipiki iliyoibiwa ni yangu. Wanaocheka na wacheke. Ukianza "amesema, amesema," utawachosha watu, na mwisho utaanza kutia chumvi yako.

Jina langu ni Annick. Nimezaliwa nje ya Goma, njia ya kwenda Sake, na sasa nakaa Kasubi, chumba kimoja, pamoja na mama mkwe wangu, Mama Kavugho. Mume wangu Emile, mtoto wake wa pekee, alishafariki. Majirani wanashangaa. Mume hayupo, wewe na mama yake mnakaa pamoja mnafanya nini? Ninawauliza na wao: na ninyi mnakaa na waume zenu mnafanya nini? Basi, wanasema yule Mkongomani ana hasira. Hasira ninayo, sikatai.

Mwaka ninaousimulia, vita vilikuwa vimetulia upande wetu, na watu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Hapo ndipo Mama Kavugho aliponianza. Kila asubuhi, akipepea sigiri mlangoni, alikuwa na neno. Maharagwe ya huku yanaiva kama hayataki. Maziwa ya huku yana maji. Baridi ya kwetu ilikuwa baridi ya heshima, inakuamsha, inakuambia vaa sweta uende shambani. Joto la huku linakukalia kichwani tu. Na usiku wa huku ni mweusi mtupu, wakati kwetu mlima ulikuwa unawaka juu, wingu lote jekundu, mtu unatoka kukojoa bila taa. Alikuwa anasema haya yote bila kunitazama, kama anaongea na makaa.

"Mama, umeanza tena," namwambia.

"Sijaanza. Sikuacha."

Halafu siku moja akasema Pitshou atapakia magodoro Jumatatu. Pitshou ni kijana wa kwetu anayefanya biashara ya kupeleka magodoro Goma kwa lori, kupitia Kisoro na mpaka wa Bunagana. Akasema Pitshou amempa nafasi, na yeye anakwenda.

"Unakwenda wapi?"

"Kwangu. Sikuombi ruhusa, Annick. Nakuaga."

Niseme sasa kwa nini nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akatoka. Kwetu kuna kitu kinaitwa mazuku. Wazee walikuwa wanasema ni pepo mbaya anayetembea usiku. Wenye elimu wanasema ni hewa inayotoka chini ya ardhi, kule kwenye moto wa volkano, nayo ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inajilaza kwenye vibonde na mashimo kama maji kwenye sahani. Haina rangi wala harufu. Upepo ukivuma, inatawanyika. Upepo ukikosa, hasa alfajiri, kinachoingia mle hakitoki, awe ndege, awe mbwa, awe mtu. Na majani ya mle, jamani, ni mabichi kuliko majani yote, ndiyo maana mbuzi wanapapenda.

Asubuhi moja mbuzi wetu alikata kamba akashuka kwenye shimo la namna hiyo, jirani na nyumba yetu. Emile alikuwa anayajua mazuku tangu utotoni. Kila siku alikuwa anafukuza watoto wa watu wasichezee pale. Akasema atabana pumzi, atamvuta mbuzi mara moja, atapanda. Mbuzi alikuwa mzito. Nilimwona anakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka na safari. Nikaruka nimfuate, na Mama Kavugho akanidaka kitenge kwa nyuma. Tukaanguka wote wawili. Nilimpiga, nilimng'ata mkono, hakuniachia mpaka majirani walipofika. Mwanawe wa pekee yuko chini pale, anamwona kwa macho yake, na mtu aliyemshika ni mimi. Baadaye vita vilikuja, tukakimbia, na habari ya siku ile hatukuizungumza tena.

Sasa mama huyo huyo ndiye anayeniambia anarudi pale, peke yake, akalime maharagwe.

"Mama, ardhi ile ilikula mtoto wako," nikamwambia mlangoni, mwenye nyumba anatusikiliza.

"Najua ilichokula," akasema. "Na bado ni nzuri."

"Nzuri ya nini?"

"Mwacha asili ni mtumwa, Annick."

"Na mfu, mama? Mfu ni nani?"

Akarudi kupepea sigiri, na mimi nikaingia ndani nikalia kwa hasira, maana nilijua nikimkosa huyu, hapa duniani hakuna mtu mwingine aliyemjua Emile akicheka.

Ndipo nikamkumbuka Mwalimu Otema. Mchungaji Tresor, wa kanisa letu la mabati pale chini ya kilima cha Lubaga, alikuwa amemwalika aje Jumapili alasiri kutuzungumzia uumbaji. Otema ni Mwacholi, mtu wa kaskazini mwa nchi hii, anafundisha habari za mawe na milima, na ni mtu wa sala. Mkalimani ni mimi. Nikasema, lo, Mungu amenikumbuka. Mtu mwenye elimu ya volkano, mtu wa imani pia. Akisema pale hapafai, mama atabishana na nani?

Jumamosi nikamfuata kanisani alipokuja kujaribu mashine yake ya kuonyesha picha. Nikamweleza mazuku, ingawa aliyajua kuliko mimi. Nikamwambia, "Mwalimu, kuna watu wanataka kurudi kule. Kesho waambie wazi kwamba hapakaliki."

Alivua miwani akaifuta kwa shati. Akasema, "Wakiniuliza, nitawaambia ninalolijua." Mimi nikachukua hilo kuwa ni ndiyo.

Jumapili kanisa lilijaa. Shuka jeupe limetundikwa ukutani, madirisha yamezibwa kwa vitenge ili picha zionekane, joto usiseme. Mama Kavugho alikaa benchi la mbele, mkoba mapajani, kama mtu aliye kituo cha basi.

Mwalimu Otema alitaka kutufurahisha. Utotoni alikaa jirani na kambi ya jeshi, akaokota Kiswahili cha askari, kwa hiyo akanifanyia ishara ningoje, akapanua mikono akasema mwenyewe: "Ndugu zangu! Dunia hii, Mungu alipanga! Mungu iko mpangaji kubwa sana!"

Watu wakatazamana. Halafu Mama Kavugho akapiga paja.

"Weee! Kumbe hata Mungu ni mpangaji? Basi ni jirani yetu. Anapanga Kasubi ao Lubaga?"

Kanisa likaangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akauliza kama na Yeye mwenye nyumba wake anamzimia umeme. Maskini Otema alikuwa anatazama huku na huku, anatabasamu bila kujua anachekwa nini, mpaka nilipomweleza kwa Kiingereza kwamba neno lake ni sahihi kabisa, ila aliyepangilia mambo na aliyepanga chumba cha watu, kwetu wote wanaitwa mpangaji. Alicheka mpaka akajishika kwenye meza. Baada ya hapo watu walimpenda, akarudi kwenye Kiingereza chake na mimi nikaanza kazi.

Alisema vizuri, lazima nimpe haki yake. Alisema dunia imewekwa mbali na jua kama chungu mbali na moto, ikisogezwa kidogo inaungua, ikivutwa kidogo inaganda. Alisema barafu huelea. Sisi tukasema, sawa, huelea, kwani kuna nini? Akasema karibu kila kitu kikiganda huzama, lakini maji yakiganda hupanda juu, na kule kwenye nchi za baridi samaki wanabaki hai chini ya hilo blanketi. Kama barafu ingezama, maziwa yangejaa barafu kutoka chini mpaka juu. Watu wakasema amina. Hata mimi niliyekuwa na mpango wangu moyoni, nilijikuta nasema "mimi nikifikiria jambo hili nashindwa kulala," na sauti yangu ikatetemeka kidogo, ingawa aliyekosa usingizi ni yeye.

Halafu akafika kwenye uzuri. Akasema mambo mengine unaweza kusema yako kwa sababu yanahitajika: hewa ili tupumue, mvua ili tule. Lakini uzuri unahitajika kwa nini? Ugali unashibisha hata kama jua limezama vibaya. Mtu angeweza kuumbiwa dunia ya rangi ya majivu, akala, akazaa, akafa. "Kwa hiyo mimi," nikasema kwa niaba yake, "nikiona uzuri wa ziada, ambao hakuna aliyeulipia wala kuuomba, najua kuna aliyetaka nitazame."

Akabonyeza mashine. Picha ikatokea kwenye shuka.

Ulikuwa mlima wetu.

Umepigwa picha alfajiri kutoka upande wa ziwa. Chini maji ya rangi ya ziwa lile, juu wingu jekundu limekaa mdomoni mwa mlima, na kati ni mashamba, yale mashamba meusi yenye mistari ya maharagwe. Otema hakujua amewachokoza akina nani. Kwake ilikuwa picha ya volkano yenye kupendeza, kama picha nyingine. Akasema maneno mawili matatu kwa Kiingereza. Sikuyatafsiri. Hakuna aliyekuwa ananingoja.

"Ni kwetu," mtu mmoja akasema polepole.

Baba mmoja alisimama akavua kofia. Mwanamke mmoja alikwenda mpaka mbele, akaweka kidole kwenye shuka, akasema nyumba ya dada yake iko hapa, hapa hapa, chini ya kidole. Wengine wakaanza kutaja majina ya vilima. Wengine walikuwa wanalia bila aibu, watu wazima, wauza vitenge wanaojulikana kwa ukali wao sokoni. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nilijua nikiinua macho mara ya pili, nimekwisha.

Mama Kavugho hakulia. Aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Annick. Muulize huyu mwalimu. Mtu anaweza kukaa pale?"

Swali lile nilikuwa nimelingojea tangu jana. Nikamgeukia Otema, nikamuuliza kwa Kiingereza, na nikaongeza jicho la kumkumbusha maneno yetu ya Jumamosi. Akaiona ile picha upya, akawaona watu, nadhani ndipo alipoelewa amewaonyesha nini. Akajibu. Akajibu kwa muda mrefu, taratibu, akimtazama mama, hanitazami mimi. Na kila neno lililotoka mdomoni mwake lilikuwa kinyume cha lile nililolitaka. Alipomaliza, kanisa zima likanigeukia.

Nikasema, "Anasema hapafai."

Mama Kavugho alinitazama. Akamtazama Otema. Akanitazama tena.

"Kiingereza yake ilikuwa refu," akasema. "Kiswahili yako mbona fupi?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha wasiwasi. Otema, kwa Kiswahili chake cha kambini, alikuwa amenielewa vizuri sana. Angeweza kuniumbua pale pale. Alikunja mikono akangoja, na kule kungoja kwake kukaniudhi kuliko kama angenitukana. Mimi ni mkalimani. Sijawahi kumwibia mtu maneno, hata polisi, hata mahakamani, na sasa namwibia mama aliyenidaka kitenge.

"Haya," nikasema. "Haya basi. Nasema yote, msiniingilie."

Nikaanza, kwa hasira, nikitupa maneno kama mtu anayetupa kuni. "Mama, mtu anaweza kukaa pale. Watu wamekaa pale tangu zamani kwa sababu udongo ule ni miongoni mwa udongo bora uliopo duniani, na ni moto uliouleta. Hewa ile mbaya inatoka kwenye moto huo huo. Na nikuambie jambo gumu: kama dunia nzima isingekuwa na mioto ya namna hiyo chini yake, inayotoa hewa ya namna hiyo, dunia ingekuwa imeganda zamani, na kusingekuwa na mtu wala mbuzi wala jani."

Hapo nilisimama. Mama alikuwa ametulia tuli.

"Endelea," akasema.

"Ukiniuliza kwa nini basi hewa hiyo ikajilaza mahali ambapo mtoto wa mtu anapita, hilo sijui. Nimesoma sana na nimeomba sana, sijapewa jibu, na sitakudanganya mbele ya kanisa. Ninalojua ni dogo. Usishuke bondeni kabla upepo haujaamka. Ukiona ndege wamelala chini, rudi. Mbuzi akishuka, mwache mbuzi."

Mtu mmoja nyuma akavuta pumzi. Kila mmoja pale alikuwa anajua habari za Emile. Aliyekuwa hajui ni Otema peke yake, maana mimi Jumamosi nilimweleza mazuku, sikumweleza mume wangu.

Lilibaki neno lake la mwisho. Kwa Kiingereza alikuwa amesema kwamba yeye kama angezaliwa pale, isingepita siku bila kutamani kurudi. Ni sentensi rahisi. Nimetafsiri ngumu kuliko hiyo nikiwa na usingizi. Nikafungua mdomo, nikasema, "Na mimi..." na macho yangu, sijui nani aliyaruhusu, yakapanda kwenye lile shuka.

"Mimi nilizaliwa pale," nikasema. "Haipiti siku bila kutamani kurudi."

Nilisikia kosa langu kabla sijafunga mdomo. Nilitaka kulisahihisha, kuweka lile "kama" mahali pake. Badala yake nikazidi kuitazama picha. Niliona bomba letu la maji, lile lenye jiwe la kuwekea jerikani. Nilimwona Emile anatoka shambani na matope meusi mpaka magotini, anaimba ovyo. Miaka yote ile nilikuwa naichukia ardhi ile kila asubuhi, naichukia kwa bidii, kama mtu anayesali, kwa sababu siku nikiacha kuichukia nitaitaka, na nikiitaka nitakufa kwa kuitaka.

Mama Kavugho aliinuka kwenye benchi, mkoba mkononi, akaja mpaka niliposimama.

"Huyo ni mwalimu anasema," akauliza, "ao ni wewe?"

Mwalimu ni Mwacholi. Kila mtu alijua hakuzaliwa kwetu.

"Ni mimi, mama."

"Na miaka yote hii unanigombeza."

"Naogopa, mama. Lile shimo naliogopa. Nikikuacha uende peke yako naogopa, nikienda na wewe naogopa."

"Na mimi?" akasema, kwa sauti ya juu, kanisa zima linasikia. "Nani alikuambia mimi siogopi? Pitshou amenipa nafasi mwezi jana, nimekataa. Mwezi wa kabla yake pia, nimekataa. Naogopa mpaka tumbo linaniuma, Annick. Nilikuwa natafuta mtu wa kuogopa naye, na wewe kila siku una hasira tu."

Nikamshika. Tukalia pale mbele, chini ya picha, wanawake wawili wazima, mpaka Mchungaji Tresor akaanzisha wimbo ili watu wapate la kufanya. Otema aliniinamia akauliza kwa Kiingereza mama amesema nini. Nikamwambia hilo silitafsiri, ni langu.

Jumatatu Pitshou alipotuona wote wawili na vifurushi vyetu, alianza kulalamika kwamba nafasi aliyotoa ni ya mtu mmoja. Nilimwambia afunge mdomo, apange magodoro yake vizuri, tukae.